Wote ni mameneja, na mfanyakazi ni nani? Kusoma upya kisa cha People Express



Leo sitaandika juu ya mahindi wala mbolea. Nataka kufanya kritiki ya andiko moja ambalo wamoja wenu mulishapewa, ao mutapewa siku moja mu formasyo ya biashara. Ni kisa cha People Express, sosiete ya ndege ya bei ya chini ya Marekani. Kiliandikwa ku Harvard Business School mwaka 1983 na Debra Whitestone na Leonard Schlesinger, kikazunguka dunia nzima. Mimi nilikipata kwa fotokopi, hapa Lubumbashi, kimetafsiriwa kwa Kifaransa, kurasa zimekatika kidogo pembeni.

Yule aliyetugawia hizo karatasi alikuwa anaanzisha kazi ya kununua mboga na chakula cha kuku kwa wakulima na kupeleka mpaka mlangoni kwa wateja. Sitataja jina lake wala la sosiete. Tulikuwaka watano, wote tumetoka chuo. Alituambia: "Musome hii. Hapa kwetu hakuna mfanyakazi, wote ni patron." Nilisoma usiku mmoja, nikawaka moto. Asubuhi nilikubali kutumika kwa feza ya transpoti tu, na sehemu yangu mu sosiete "itakuja." Nilitumika miezi 14 vile. Na zaidi ya ile, nilimuita mdogo wangu mmoja wa fakilte, nikamsomea ile fotokopi kwa sauti, akaacha kazi ya kufundisha Likasi akaja kwetu.

Munajua namna mambo ya vile inaishiaka. Lakini sijaandika hapa kwa kulia. Nimeandika juu nilikuja kusoma tena kile kisa, na safari hii nikatafuta pia yale yaliyotokea nyuma yake. Nimeona kwamba andiko lenyewe liko na kosa, na sisi tuliolipenda tuko na kosa kubwa zaidi.

1. Kisa kinasema nini

Mbele ya mwaka 1978, serikali ya Marekani njo ilikuwa inaamua sosiete gani ya ndege ipite njia gani na kwa bei gani. Mwaka ule sheria mpya ikafungua soko. Mwenye ndege akaweza kuanza kuchagua njia na bei yake mwenyewe.

Donald Burr alikuwa mkubwa ku Texas International, sosiete ya Frank Lorenzo. Mwaka 1980 aliacha kazi, na wenzake kama Gerald Gitner wakamfuata, wakaanzisha yao. Waliuza hisa, ile tunaita aksio, mbele hata ndege moja haijaruka, wakapata karibu dola milioni 25. Wakanunua Boeing 737 17 zilizokwisha kutumika, toka Lufthansa ya Ujerumani. Tarehe 30 Aprili 1981 wakaanza kuruka toka Newark, karibu na New York, kwenda Buffalo, Columbus na Norfolk.

Upande wa gharama, kila kitu kilipunguzwa. Jengo walilochukua Newark lilikuwa la zamani, lenye kuchakaa. Mu ndege walitoa jiko, wakaongeza viti mpaka 118. Tikiti ililipwa ndani ya ndege, ikiwa tayari inaruka. Kupeleka sanduku kulikuwa dola 3, kahawa senti 50. Na ndege haikulala: ilikuwa hewani zaidi ya masaa 10 kwa siku, wakati kwa wengine ilikuwa karibu masaa 7. Kwa mtu wa shamba hii inaeleweka mara moja. Trakta iliyosimama inakula feza bila kulima.

Lakini kisa hakijulikani juu ya viti na kahawa. Kinajulikana juu ya watu. Burr aliandika kanuni sita za sosiete, na ya kwanza ilikuwa kuhudumia na kukomaza watu. Hakukuwa "wafanyakazi." Rubani aliitwa meneja wa safari. Fundi aliitwa meneja wa matengenezo. Yule anayekuletea kahawa ndani ya ndege aliitwa meneja wa huduma kwa wateja, na kesho yake ungemkuta chini, anapokea abiria ku mlango ao anapanga mizigo. Rubani asiporuka alisaidia kupanga ratiba, kuchagua watu wapya ao kufundisha. Hakukuwa masekretari. Ngazi kati ya chini na juu zilikuwa chache sana. Watu walitumika kwa timu ndogo ndogo.

Na kila mmoja alipaswa kununua hisa za sosiete, kwa bei ya chini kuliko ile ya soko. Kulikuwa pia mgawo wa faida. Sendika hazikuwapo.

Niseme haki: vitu vingi mule ndani ni vizuri, na mpaka leo navipenda. Mtu akijua kazi tatu, hachoki kwa upesi kama mwenye kurudia kitu kimoja, na mwenzake akigonjwa kazi haisimami. Mtu wa chini akiruhusiwa kuamua, abiria anapata jibu palepale. Mwezi wa nane 1981, waongoza ndege wa Marekani walifanya mgomo na Rais Reagan akafukuza zaidi ya 11,000 kati yao. Nafasi za kuruka Newark zikapunguzwa. Sosiete ya miezi mitatu tu ingeweza kufa palepale. Watu wa People Express wakabuni njia nyingine za kwenda Florida bila kupita Newark, wakatumika usiku na mchana, wakaiponyesha. Hii ni kweli, na hakuna mshahara peke yake unaoweza kununua moyo wa vile.

Njo pale fotokopi yangu iliishia. Sosiete inapanda, watu wanachoka lakini wanacheka, na mwalimu anauliza: "Munaonaje mtindo huu wa uongozi?"

2. Kurasa ambazo hatukupewa

Kritiki yangu ya kwanza ni nyepesi. Kisa kiliandikwa mwaka 1983. Waandishi hawakuweza kujua mwisho, na siwalaumu kwa hiyo. Lakini yule anayekigawa leo, zaidi ya miaka 40 nyuma, akitoa sehemu ya kwanza tu, anafanya kama mtu anayekuonyesha shamba la mihogo ku mwezi wa tatu. Majani ni mazuri. Lakini mihogo inahesabiwa siku ya kung'oa.

Siku ya kung'oa ilikuwa hivi. Mwezi wa tano 1983 walianza kwenda London kwa Boeing 747, kwa dola 149 tu kwenda. Ndege za aina nyingine zikaingia, 727 nyingi. Kutoka watu karibu 250 mwaka 1981, walifika maelfu ndani ya miaka mine tu. Abiria walijaa kupita kiasi: viti viliuzwa kuliko vilivyokuwapo, telefoni ya kupanga nafasi haikupatikana, masanduku yalipotea. Abiria wakageuza jina wakaiita "People Distress," ni kusema taabu ya watu.

Mwezi wa kwanza 1985, American Airlines ya Robert Crandall ikaanza kuuza sehemu ya viti vyake kwa bei za chini sana, huku kompyuta zake zikichunga vile vingine kwa wale wenye kulipa bei kubwa. Kwa abiria, tofauti ya bei na People Express ikapotea, na kule kwa wengine chakula na sanduku vilikuwa bure.

Mwezi wa kumi na moja 1985 Burr akanunua Frontier Airlines ya Denver, kwa karibu dola milioni 300. Frontier ilikuwa sosiete ya zamani, yenye sendika, yenye wateja waliozoea kuhudumiwa. Wakawapunguzia bei na huduma, wateja wakakimbia. Miezi mitatu ya kwanza ya 1986, People Express ilipoteza dola milioni 58. Mwezi wa nane Frontier ikasimamisha ndege na kutangaza kufilisika. Mwezi wa kenda, Burr akauza yote kwa Texas Air, kwa karibu dola milioni 125. Na mwenye Texas Air alikuwa nani? Frank Lorenzo, yule patron wake wa zamani. Mwezi wa pili 1987 jina People Express likapotea ndani ya Continental.

Miaka sita hata haikutimia tangu ndege ya kwanza.

3. Wenye kueleza, na kile wanachoruka

Walimu wa mambo ya uongozi hawakukimbia huu mwisho. Peter Senge wa MIT aliuzungumzia mu kitabu chake The Fifth Discipline cha mwaka 1990. Mwenzake John Sterman alitengeneza mchezo wa kompyuta ambamo mwanafunzi anakaa ku kiti cha Burr, anaamua kununua ndege ngapi na kuchukua watu wangapi, halafu anaona anavyoanguka. Maelezo yao kwa ufupi: wateja waliongezeka mbio kuliko uwezo wa kuhudumia. Ndege unanunua leo, inaruka mwezi ujao. Mtu wa huduma unamchukua leo, lakini anakuwa mzuri nyuma ya mwaka mzima, na yule anayemfundisha anapoteza masaa yake ya kazi.

Mimi agronome nikisoma hivi nakumbuka pipa la Liebig tulilochorewa mwaka wa kwanza. Pipa liko na mbao zenye urefu tofauti, na maji hayapiti ubao ule mfupi. Unaweza kumwaga ureya unavyotaka. Kama fosfori imekosekana, mahindi hayaendi. Ubao mfupi wa People Express ulikuwa watu waliokomaa mu kazi. Na ule mtindo wa kila mtu kufanya kila kitu ulifanya ubao uwe mfupi zaidi, juu kufundisha mtu kazi tatu kunachukua muda kuliko kumfundisha moja. Hii ni jambo ambalo fotokopi yetu ilisifu bila kuhesabu. Kile kilichofanya sosiete ipendeze ndicho kilichofanya isiweze kukua mbio. Na Burr alitaka vyote viwili.

Wengine wanasema hapana, mambo ya watu ni hadithi, kilichoua People Express ni kompyuta za American. Nakubali nusu. Hata watu wenye moyo safi kabisa wasingeweza kuzuia mashine inayobadilisha bei ya viti kila siku. Lakini nusu ingine inabaki: ile huduma mbaya ilianza mbele ya 1985, na hakuna mtu aliyemlazimisha Burr kununua Frontier.

Kile ambacho nakosa kwa wote, kwa waliosifu na kwa waliokosoa, ni swali moja: hasara ilimwangukia nani?

Angalia hesabu. Mapiloti wa People Express walilipwa chini kuliko wale wa sosiete kubwa zenye sendika. Tofauti ile ilikuwa faida ya sosiete, iliingia mu bei ya tikiti. Mfanyakazi aliambiwa: utapata yako kwa njia ya hisa. Maana yake, kila mwezi alikuwa anakopesha sosiete sehemu ya jasho lake, na dhamana ya mkopo ilikuwa bei ya hisa. Hisa ikipanda, kila mtu anaimba. Na kweli, mwanzoni ilipanda sana, wamoja wakahesabu mali kwa karatasi ambayo hawajawahi kuiona mu maisha.

Lakini hisa ilipoanguka, mshahara wao ulianguka bila mtu hata mmoja kutia sahihi ya kuupunguza. Na ilianguka wakati uleule kazi ilikuwa inakuwa hatarini. Sisi tunajua hii: mkulima hawezi kuweka mbegu, akiba ya chakula na feza ya shule yote mu shamba moja la bondeni. Mvua ikizidi siku moja, vyote vinaenda. Mtu aliyetegemea People Express kwa mshahara, kwa akiba na kwa heshima alikuwa na shamba moja tu, bondeni.

Burr naye alipoteza feza nyingi ku hisa zake, nasema ukweli. Lakini yeye njo alichagua Frontier. Meneja wa huduma kwa wateja, aliyeitwa meneja kila siku, hakuulizwa. Hapa jina na kitu vinaachana. Ukiniita patron, nitakuuliza: siku ya kununua kitu cha dola milioni 300, nakaa wapi mu chumba?

Na hata lile jina halikuwafikia wote. Telefoni za kupanga nafasi zilipozidi, walichukuliwa watu wa muda, wengi wao wanafunzi, ambao hawakuwa mu ule mpango wa hisa kama wengine. Kwa hiyo mu nyumba ambamo "wote ni mameneja," ilipatikana haraka watu wa pembeni. Kila mara mtu akiniambia hapa hakuna wakubwa na wadogo, sasa natafuta kwanza nani anafagia.

4. Jirani aliyepanda polepole

Mtu anaweza kuniambia: unataka turudi ku mtindo wa zamani, mkubwa anakaa ku ofisi, mdogo anasimama ku jua? Hapana. Nalinganisha na Southwest Airlines ya Texas.

Southwest ilianza kuruka mwaka 1971, mbele ya People Express. Nayo ni ya bei ya chini. Nayo ilijulikana juu ya namna ya kutunza watu, wakati wa Herb Kelleher. Toka miaka ya 70 ilianza kugawa faida kwa wafanyakazi. Lakini ilifanya mambo matatu tofauti. Ya kwanza, ilishikilia aina moja ya ndege, Boeing 737, ili piloti na fundi wasianze upya kila wakati. Ya pili, ilikua polepole, njia moja nyuma ya ingine. London haikuwa haraka yao. Ya tatu ni ile mwalimu wetu asingependa kusikia: wafanyakazi wake wengi walikuwa mu sendika toka zamani. Piloti alikuwa piloti kwa jina, mwenye mkataba, anajua mshahara wake, na juu ya hapo anapata mgawo wa faida.

Hawakuhitaji kumwita fundi meneja ili asaidie kupakia mizigo siku ndege imechelewa. Alisaidia juu alijua mwisho wa mwezi atalipwa, na mwisho wa mwaka atapata sehemu. Southwest bado inaruka, miaka zaidi ya 50.

Sisemi sendika zinafanya ndege iruke. Sosiete nyingi zenye sendika zilikufa pia, Frontier ikiwa moja yao. Nasema tu kwamba mu Southwest mgawo ulikaa juu ya mshahara, kama samaki juu ya bukari. Mu People Express, samaki aliwekwa kwa nafasi ya bukari. Siku samaki alikosekana, sahani ilibaki wazi.

5. Nini inatuhusu sisi

Narudi kwetu. Muko wengi hapa wenye licence na hamna kazi. Kila wiki mtu anawaita: njoo tuanzishe, hatuna mshahara lakini utakuwa mshirika. Na mimi sitaki kuwaambia mukatae yote. Hakuna sosiete inayoanza na kasha lenye kujaa. Burr mwenyewe alianza na watu walioamini kitu ambacho hakijaruka.

Lakini ona tofauti. Mtu wa People Express, hata siku ya mabaya, alikuwa na hisa za kweli, zilizoandikwa kwa jina lake. Sisi tulipewa nini? Neno la mdomo. Kwetu, toka nchi iingie mu OHADA mwaka 2012, kama sosiete ni SARL, majina ya washirika na sehemu za kila mmoja zinaandikwa mu statuts. Nyuma ya miezi 14, kazi ilipofungwa, niliomba kuona statuts. Kulikuwa jina moja ndani, na halikuwa langu. Wala la mdogo wangu.

Simlaumu mwandishi wa Harvard kwa hiyo. Naweka ile lawama kwanza ku mlango wangu, juu nilisoma andiko kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Sikuuliza linaishia wapi. Nilimsomea mwingine nikijua kusoma kuliko kuhesabu.

Kwa hiyo, mtu akiwaletea kisa kama hiki, musikitupe. Mukisome na maswali haya mkononi:

Mshahara ni ngapi kwa mwezi, mbele ya kusema juu ya sehemu? Hata kama ni mdogo, uandikwe.

Jina langu liko mu karatasi gani, na naweza kuiona leo?

Siku ya uamuzi mkubwa, sauti yangu inahesabiwa kwa namna gani?

Nikitaka kutoka, natoka na nini?

Na la mwisho, ambalo Burr alipaswa kujiuliza mbele ya London na mbele ya Denver: watu tulio nao leo walishakomaa kiasi gani? Mu pepinieri tunajua jibu. Mche ukitolewa mbele mizizi haijashika, unaonekana mzima siku tatu, halafu unalala. Hakuna hotuba inayousimamisha.

Naandika hii kwa sababu ingine pia. Mwezi ujao nafungua pepinieri yangu ndogo ya miti ya matunda, avoka na maembe ya kupandikizwa, barabara ya Kipushi. Nachukua vijana wawili. Usiku moja nilikuwa naandika mkataba wao, na mkono wangu ukaandika wenyewe: "Hapa wote tuko patron." Nilisimama nikaangalia ile sentensi kwa muda mrefu. Ni tamu. Inapunguza gharama. Na mimi ndiye ningekuwa naishika kisu kwa mpini.

Nimeifuta. Nimeandika mshahara, siku ya kulipa, na masaa. Ni kidogo, kinanitia haya, lakini ni feza ya kweli. Chini yake nimeandika mgawo: ku kila miche tutakayouza kupita hesabu fulani ya mwaka, asilimia yao ni hii. Nimeonyesha pia namna ya kuhesabu, ili wasinitegemee mimi kwa kujua wamepata ngapi. Kama mambo yataenda vizuri miaka miwili, tutakwenda pamoja kuandika majina yao mu statuts. Kama hayataenda, watakuwa walilipwa.

Yule mdogo wangu wa fakilte nilimpelekea ule mkataba asome, mbele ya wengine wote. Tulikuwa tunasalimiana tu, hajaniuliza ushauri wa kazi toka siku ile. Alirudisha karatasi na alama moja ya kalamu nyekundu: "Umesahau kuandika nani analipa wakigonjwa."

Alikuwa na haki. Nimeongeza.